Mjadala: Viumbe waliolala kwenye pamafrosti, waamshwe au waachwe?

Theluji Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, wahenga walionya: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Hoja ninayoiweka mezani ni kwamba kazi yote ya kuamsha kwa makusudi viumbe wa kale kutoka pamafrosti isimame hadi dunia ipate kanuni zinazoihusu moja kwa moja. Pamafrosti, kwa asiyeifahamu, ni ardhi ambayo joto lake halipandi juu ya nyuzi 0 za Selsiasi kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Ile ya Siberia mashariki, sehemu zake nyingi hazijayeyuka kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Tazameni kasi. Mwaka 2012 watafiti wa Pushchino, Urusi, waliotesha mmea Silene stenophylla kutokana na tishu za tunda la miaka karibu 32,000. Mwaka 2014 kikaja kirusi Pithovirus sibericum cha miaka 30,000, na mwaka uliofuata Mollivirus kutoka sampuli ileile. Mwaka 2021 rotifa, mnyama wa majini asiyeonekana kwa macho, wa miaka 24,000 kutoka mto Alazeya wa Siberia. Mwaka 2023 mnyoo Panagrolaimus kolymaensis wa miaka 46,000, na mwaka huohuo kundi la Jean-Michel Claverie na Chantal Abergel wa Marseille, Ufaransa, likatangaza virusi 13 vipya, cha kale zaidi kikikadiriwa miaka 48,500. Kila tangazo hufuatwa na sentensi ileile kwamba hakuna hatari. Nauliza: sentensi hiyo imepimwa kwa mizani gani?

Sahani ya Petri

Mleta mada, umetia kapu moja vitu visivyolingana. Kumwamsha mnyoo, kuotesha mmea na kukifanya kirusi kiambukize tena ni kazi tatu zenye hatari tatu tofauti. Nianze na kirusi, maana ndicho kinachotisha watu.

Kirusi peke yake hakiamki. Lazima kipate seli hai ya kuingia. Kundi la Marseille hutumia amiba, viumbe wa seli moja, wa jenasi Acanthamoeba kama chambo. Udongo kidogo huchanganywa na maji yenye chumvi za kushikilia kiwango cha asidi, kisha huwekwa juu ya amiba waliooteshwa maabara pamoja na antibiotiki na dawa ya kuua kuvu. Ukisahau dawa hizo, bakteria na kuvu wa ndani ya udongo watafurika chomboni kabla hujaona lolote. Baada ya hapo kazi ni ya darubini. Amiba mzima hushika chini ya chombo na kutambaa; aliyeambukizwa huviringana, huachia, mwishowe hupasuka. Maji ya chombo kilichokufa huhamishiwa kwa amiba wapya, tena na tena. Muuaji akiwa ni sumu iliyokuwa kwenye udongo, nguvu yake hufifia kila unapohamisha kwa sababu inapungua. Akiwa kirusi, anaendelea kuua kwa nguvu ileile kwa kuwa anazaana. Hapo ndipo hutengwa na jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, kusomwa.

Kufuli ya usalama ni chambo chenyewe: ukitega kwa amiba, unanasa kinachokula amiba. Pithovirus ina urefu wa takriban maikromita 1.5, mkubwa kuliko baadhi ya bakteria, na huingia kwa sababu amiba humeza chembe yoyote ya ukubwa huo akidhani ni chakula. Ngozi ya ndani ya pua yako haina tabia hiyo.

Kanuni Kwanza

Pua haina, lakini seli nyeupe walaji wa mwilini wanayo. Wao pia humeza chembe kubwa. Sisemi Pithovirus ataambukiza mtu, nasema tu tusitumie hoja ya "haiingii" kana kwamba ni ukuta wa zege.

Halafu hiyo kufuli inafunga mlango mmoja tu. Udongo uliomo chomboni una kila kitu, si virusi vya amiba pekee. Antibiotiki huzuia bakteria wanaokua. Spora, yaani bakteria waliojifunga kwenye gamba gumu na kulala, hazili, hazigawanyiki, kwa hiyo dawa inazipita hivihivi. Chombo kikitoka kwenye kabati la usalama na kuingia kwenye sinki, spora inatoka nayo. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi liwe taka zinakwenda wapi. Jina la kirusi baadaye.

Mdadisi

Samahani wakuu, swali la mtu wa pembeni. Mtu anajuaje kwamba kilichoamka ni cha miaka 46,000 na si mdudu wa juzi aliyedondoka kwenye sampuli?

Keekee Baridi

Mdadisi, umegusa penyewe. Nusu ya ubishi wa fani hii uko hapo, na wengi wanaoandika habari hizi wanaruka.

Uchafu huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni keekee. Uchimbaji wa kawaida hutumia majimaji ya kupoza na kuondoa vumbi, na majimaji hayo ni supu ya bakteria wa leo. Kwa kazi hii huchimbwa pakavu, kwa mzunguko wa polepole, vipande vifupi, kwa sababu ukiharakisha msuguano unapasha chuma, uso wa nguzo ya udongo unayeyuka, na maji hayo yanavuta uchafu kwenda ndani. Wachimbaji makini hupaka bomba la keekee bakteria wanaotambulika kirahisi au vidonge vidogo sana vinavyong'aa chini ya mwanga maalumu. Nguzo ikifika maabara ikiwa bado imeganda, uso wake hukwanguliwa kwa kisu kilichochomwa moto, kisha uso mpya hukwanguliwa kwa kisu kingine. Alama zikionekana katikati ya nguzo, nguzo nzima haifai.

Njia ya pili ni ardhi yenyewe. Juu ya pamafrosti kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Maji, mizizi na wadudu hutembea humo. Kwenye nyufa ambamo kabari za barafu hukua, maji ya juu yanaweza kushuka mita kadhaa. Ndiyo maana unachagua udongo wenye barafu iliyoganda pamoja na mchanga wake wakati unatuama, na unaukwepa uliowahi kuyeyuka na kuganda tena. Kwenye kingo za Duvanny Yar, mto Kolyma wa Siberia, mashimo ya kindi wa ardhini yaliyotoa matunda ya Silene yalikuwa mita 38 chini ya uso, kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, yamezibwa na barafu na vumbi la upepo. Hapo ni vigumu mdudu wa juzi kufika kwa miguu yake.

Njia ya tatu ni maabara, na hiyo kila mtu anaijua. Weka sahani tupu zisizo na udongo kando ya zile zenye udongo. Sahani tupu ikiota kitu, funga kazi.

Sasa umri. Hupimwa kwa kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayobaki kwenye mabaki ya kiumbe, nayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Kwenye kitu cha miaka 48,500 imebaki kama 0.3% ya ile ya mwanzo. Ukichanganya kitu cha umri usiopimika na kaboni ya kisasa kwa 1% tu, mashine itakusomea miaka 37,000 hivi. Yaani uchafu wa kisasa hukifanya kitu kionekane kijana, kwa hiyo tarakimu kubwa ya kiwango hicho isomwe kama "angalau". Lakini kuna mtego wa upande wa pili ambao mashabiki hawausemi: kinachopimwa huwa ni mabaki ya mimea au udongo ulio jirani na kiumbe, si kiumbe mwenyewe. Mnyoo mmoja hana kaboni ya kutosha. Mto ukibomoa ukingo wa kale na kutuamisha takataka zake mahali papya, utakuta majani ya miaka 46,000 pembeni ya mnyoo aliyeingia baadaye sana. Kwa hiyo umri wa mnyoo unategemea kabisa hoja kwamba tabaka lile halijawahi kuvurugwa. Kwa tunda la Silene shaka hiyo haipo, kwa sababu tishu zenyewe zilipimwa.

Sahani ya Petri

Hapo nakubaliana, ila niongeze ushahidi ambao haumo kwenye kaboni. Panagrolaimus kolymaensis ni spishi ambayo haikuwa imeelezwa kokote kabla yake, ana seti 3 za kromosomu, na huzaa bila dume. Hiyo haithibitishi umri. Inaonyesha tu kwamba hakutoka kwenye chupa ya minyoo ya maabara jirani.

Namna alivyoamshwa ni rahisi hadi inashangaza. Takriban gramu 300 za udongo, sahani za petri zenye agari ya 2%, bakteria E. koli kama chakula, nyuzi 20, na subira ya wiki kadhaa. Hakuna umeme wala sindano. Aliyelala miaka hiyo yote anaanza kujikunja.

Siri yake ni maandalizi kabla ya baridi. Mnyoo anapoanza kukauka polepole hutengeneza trehalosi, sukari inayokaa mahali pa maji kwenye utando wa seli na kuuzuia usipasuke. Kinachoua seli wakati wa kuganda ni fuwele za barafu zinazochana utando, pamoja na chumvi zinazojikusanya kwenye maji machache yaliyobaki. Kukiwa na trehalosi ya kutosha, ndani ya seli panakuwa kama kioo badala ya fuwele. Watafiti walimpitisha kwenye hewa yenye unyevu wa 98% kwa siku 4 kabla ya kumgandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na uwezo wake wa kupona ukaongezeka sana. Ukimgandisha ghafla bila maandalizi hayo, wengi hawarudi. Rotifa nao walijaribiwa: 144 waliozaliwa na yule wa kale waligandishwa polepole kwa wiki moja kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Wengi walikufa, wachache wakarudi, sawa na ndugu zao wa leo. Hawana nguvu za ajabu.

Mnyoo huyu anakula bakteria kwenye udongo. Hatari yake kwa binadamu ni ya nini hasa?

Theluji Nyeusi

Kwa binadamu, sawa, ndogo. Lakini mmesahau mazingira. Mwaka 2023 Giovanni Strona na wenzake waliendesha jamii za viumbe wa kidijitali kwenye kompyuta, wakaingiza "virusi" vya kale. Vingi havikuleta madhara makubwa. Takriban 1% vilileta mtikisiko, na katika hali mbaya zaidi utofauti wa viumbe wenyeji ulipungua kwa 32%. Na msiniambie kimeta si ushahidi. Rasi ya Yamal, Urusi, kiangazi cha 2016, joto lilifika karibu nyuzi 35, reindia (kulungu wa kufugwa wa kaskazini) zaidi ya 2,000 walikufa kwa kimeta na mtoto wa miaka 12 akapoteza maisha.

Sahani ya Petri

Strona alitumia programu zinazojinakili kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ni kazi nzuri ya kuuliza "je, inawezekana?", lakini 1% ile ni ya programu. Huwezi kuihamishia kwenye mto Kolyma.

Yamal nayo isomwe vizuri. Kimeta si mzimu wa enzi za barafu. Kimeishi na wafugaji wa kaskazini kwa vizazi, na mizoga ilifukiwa kwa kina kidogo kwa sababu huwezi kuchimba ardhi iliyoganda kwa jembe. Spora zake hudumu miongo mingi, hata bila barafu. Na chanjo ya reindia huko ilikuwa imesitishwa mwaka 2007, kwa hiyo kundi zima lilikuwa halina kinga. Joto lilifungua mlango, kweli, ila kinga nayo ilikuwa imeshaondolewa. Ukitaka kuzuia Yamal nyingine, pesa ziende kwenye chanjo ya kila mwaka, ramani ya makaburi ya mifugo, na kanuni ya kale ambayo kila daktari wa mifugo anaijua: mzoga unaoshukiwa haupasuliwi. Bakteria aliye ndani ya mzoga hutengeneza spora anapokutana na hewa. Ukiupasua ili uone umekufa kwa nini, umezalisha mabilioni ya spora kwa kisu chako. Unachomwa mzima hapohapo.

Kufunga maabara za amiba hakumwokoi reindia hata mmoja.

Mdadisi

Na ile homa ya mafua ya 1918? Nimesoma kwamba ilifufuliwa kutoka kwenye maiti iliyoganda.

Sahani ya Petri

Ilisomwa kutoka kwenye maiti. Haikufufuliwa kutoka kwenye maiti. Tofauti ni kubwa.

Kijiji cha Brevig Mission, Alaska, kilipoteza watu 72 kwa siku chache Novemba 1918, wakazikwa kwenye pamafrosti. Johan Hultin alichukua mapafu yao mwaka 1951 na kuyaingiza kwenye mayai ya kuku, njia ya kawaida ya kuotesha mafua. Hakikuota kitu. Alirudi 1997, na safari hii sampuli zilikwenda kwa Jeffery Taubenberger, mtafiti wa Marekani, ambaye hakutafuta kirusi hai. Alikusanya vipande vya RNA, vinasaba vya kirusi cha mafua, vifupi na vilivyokatikakatika, akavipanga mpaka jenomu ikakamilika mwaka 2005. Ndipo maabara ya Marekani ikakijenga kirusi upya kutokana na maandishi hayo, ndani ya maabara ya ngazi ya usalama ya 3 iliyoongezewa ulinzi. Huko Longyearbyen, visiwa vya Svalbard vya Norwei, kundi jingine lilifukua wachimba makaa mwaka 1998 na kukuta majeneza yako juu mno, kwenye lile tabaka la kuyeyuka na kuganda alilolitaja Keekee. Hakuna kirusi hai kilichopatikana.

Sababu ni ya kikemia. Kirusi cha mafua kimevikwa utando wa mafuta, na jenomu yake ni RNA, uzi dhaifu. Kila kuganda na kuyeyuka huuchana ule utando. Virusi vikubwa vya amiba ni DNA ndani ya gamba nene la protini. Ndiyo maana vinaonekana tena na tena kwenye sampuli huku mafua hayaonekani.

Kanuni Kwanza

Na ndui? Ndui ni DNA, tena ni kirusi kigumu.

Mwaka 2012 vipande vya vinasaba vyake vilitolewa kwenye maiti za Yakutia za miaka kama 300. Vipande tu, hakikuwa hai. Lakini hapa ndipo nataka mleta mada na Sahani wote wawili wanisikilize. Ndui ilitangazwa kutokomezwa 1980, na leo kirusi chake kinaruhusiwa kuwa kwenye maabara mbili tu duniani, Atlanta ya Marekani na Koltsovo ya Urusi. Shirika la Afya Duniani pia linakataza taasisi nyingine kumiliki zaidi ya 20% ya jenomu yake. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kanuni. Ipo, kwa kirusi kimoja, na mchimbaji anayefukua makaburi ya karne ya 18 huko kaskazini anaweza kujikuta ameivuka bila kujua.

Na tishio limeshahama kutoka barafuni kwenda kwenye maandishi. Kundi la David Evans huko Kanada liliunganisha kirusi cha ndui ya farasi kutokana na vipande vya DNA vilivyoagizwa kwa posta, kazi iliyochapishwa 2018. Hawakuhitaji mzoga wala barafu. Ukifunga jokofu ukaacha mfuatano wa vinasaba uwazi, umefunga dirisha na kuacha mlango.

Theluji Nyeusi

Kwa hiyo mnasema tusisimamishe chochote?

Kanuni Kwanza

Hapana. Nasema hoja yako ni pana mno, na upana huo ndio unaoiua. Ifinye. Februari 2021 kituo cha utafiti wa virusi cha Vector, hukohuko Koltsovo, pamoja na chuo kikuu cha Yakutsk, kilitangaza mradi wa kutafuta virusi vya kale ndani ya mizoga yenyewe: mamothi, farasi wa kale na wengineo. Hata Claverie na wenzake, walioamsha virusi vingi kuliko wengi, waliandika kwamba njia hiyo ina hatari kubwa zaidi kuliko ya amiba. Kwa nini? Kwa sababu chambo kinabadilika. Kirusi kilichomuua mamalia wa kale kinatafutwa kwenye tishu za mamalia, na mtu akitaka kukiotesha atahitaji seli za mamalia. Hapo ile kufuli aliyoisifu Sahani haipo tena. Umetega kwa seli zinazofanana na zako.

Kusoma DNA kwenye tishu hizo, sina neno. Kuziweka juu ya seli hai za mamalia, hapana. Mstari wangu uko hapo.

Sahani ya Petri

Mstari huo naukubali, tena bila kusitasita. Kwa upande wa udongo, ningeongeza kwamba hata bila binadamu kufanya lolote, bakteria wanaamka wenyewe. Methali ya mleta mada inadhani kuna mtu anayeamsha. Aktiki imekuwa ikipata joto karibu mara 4 kuliko wastani wa dunia, na kingo za mito ya Siberia zinabomoka kila kiangazi bila kibali cha mtu. Asiyetaka sampuli 50 zichunguzwe kwenye kabati la usalama ajue tani ngapi za udongo uleule zinaingia mtoni.

Na kuamka kwao si kwa ghafla. Watafiti wa Colorado walichukua udongo kutoka kwenye handaki la pamafrosti karibu na Fairbanks, Alaska, wakaumwagia maji yenye haidrojeni nzito ili waone seli zinazojenga utando mpya, wakauweka kwenye nyuzi 4 na 12. Mwezi wa kwanza hapakuwa na mwendo wa kuonekana: sehemu fulani zilibadilisha seli kama moja tu kati ya 100,000 kwa siku. Kufikia miezi 6 jamii nzima ilikuwa imebadilika, na utelezi wa bakteria ukaonekana kwa macho. Maana yake kiangazi kirefu kina uzito kuliko siku moja ya joto kali. Hiyo ndiyo taarifa wanayoihitaji wanaokadiria gesi zitakazotoka kwenye ardhi yenye kaboni takriban mara 2 ya iliyoko angani. Usipowaamsha maabara, huna namna ya kuijua.

Pembe Ndefu

Mmetaja mamothi, ngoja nisafishe jambo moja maana kila mjadala wa pamafrosti huishia kwenye tembo wenye manyoya. Mamothi hajaamka na hataamka kwa njia ya mnyoo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kindai, Japani, walichukua viini vya seli kutoka kwa Yuka, mamothi wa Yakutia wa miaka 28,000 kwa vipimo vyao, wakavitia kwenye mayai ya panya. Mayai yalianza kupanga nyuzi za kugawanya kromosomu, kisha yakasimama. Hakuna seli iliyogawanyika. DNA ilikuwa imekatika mno.

Wanachofanya Colossal, kampuni iliyoanzishwa 2021, ni kuhariri jenomu ya tembo wa Asia ili ifanane na ya mamothi katika maeneo yaliyochaguliwa. Panya wao wenye manyoya marefu wa Machi 2025 ni panya. Hata wakifaulu, mimba ya tembo ni karibu miezi 22, na spishi inayotakiwa kubeba mimba hizo iko hatarini kutoweka. IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ulitoa mwongozo wake 2016, nao huwaita wanyama wa namna hii vibadala. Neno zuri. Tulitumie, tuache "ufufuo".

Keekee Baridi

Turudi kwenye udongo. Sahani anasema viumbe wamelala. Nina shaka na neno lenyewe. Udongo una mionzi yake ya asili kutoka potasiamu, urani na thori, kama miligrei 2 kwa mwaka (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, na miligrei ni sehemu yake ya elfu). Zidisha kwa miaka 46,000, unapata grei 90 na ushee. Mtu hufa kwa grei 4 au 5. Rotifa anavumilia mamia, kwa hiyo yeye sawa. Lakini bakteria waliotoka kwenye pamafrosti ya Kolyma ya miaka milioni 3, kama Exiguobacterium sibiricum? Kwa umri huo hesabu inakupa grei 6,000. Hakuna DNA itakayobaki nzima bila kutengenezwa. Kwa hiyo kuna ukarabati unaoendelea, kwenye utando mwembamba wa maji ya chumvi ambao haugandi hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Hao hawajalala usingizi. Wanaishi polepole.

Na hii inagusa kanuni. Kama ni jamii inayoishi, basi vinasaba vyake vya kuhimili antibiotiki si masalia ya makumbusho. Mwaka 2011 udongo wa miaka 30,000 wa Yukon, Kanada, ulikutwa na vinasaba vya kuhimili vankomisini, antibiotiki iliyoanza kutumika karne ya 20. Bakteria hupeana vinasaba hata baada ya mmoja wao kufa, maana DNA iliyoachwa kwenye maji inaweza kuokotwa na jirani.

Theluji Nyeusi

Haya. Nafinya hoja kama nilivyoshauriwa. Udongo kwa amiba, minyoo, mimea: iendelee, kwa masharti. Tishu za mamalia kwenye seli za mamalia: isimame. Makaburi ya binadamu: hakuna kufukua bila mtu wa afya ya jamii kuwapo. Sasa nipeni masharti ya upande wa kwanza, tena ya vitendo. "Kuwa makini" si sharti.

Kanuni Kwanza

Sampuli isafiri ikiwa imeganda, ndani ya vifungashio vitatu, kimoja ndani ya kingine, na kipima joto kinachorekodi njia nzima. Ikiyeyuka njiani ihesabiwe imeshaamka. Vinasaba vyote vya udongo visomwe kwanza, kabla ya kuotesha chochote. Kukionekana dalili ya ndugu wa ndui au kimeta, kazi isimame na nguzo irudi kwenye baridi. Na nusu ya kila nguzo ibaki haijaguswa, ili maabara nyingine iweze kurudia jaribio.

Keekee Baridi

Nusu hiyo ikae wapi? Ukiihamisha kutoka nyuzi 7 chini ya sifuri ilikotoka kwenda nyuzi 80 chini ya sifuri, lile tone la maji ya chumvi linaganda kwa mara ya kwanza baada ya maelfu ya miaka, na unaua haohao waliokuwa wanaishi polepole. Ukiiacha kwenye 7, umeme ukikatika saa chache umepoteza. Mimi ningeiweka kwenye 20 chini ya sifuri na kukubali hasara, lakini najua wenzangu watapinga.

Sahani ya Petri

Napinga. Gawanya mara tatu, kipande kimoja kwenye kila joto. Kipande kilichokaa kwenye 80 kikiota na kingine kisipoote, hiyo nayo ni data.

Kuhusu taka, kwa kuwa Kanuni alianza nazo: otoklevu, chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121 kwa dakika 15 ni ya chupa za maji. Udongo hushika hewa na kuzuia joto, katikati ya mfuko wa gramu 300 hapafiki nyuzi hizo kwa muda huo. Tandaza udongo uwe mwembamba, uloanishe kidogo maana mvuke huua kuliko joto kavu, upike saa nzima. Uache siku moja kwenye joto la chumba ili spora zilizoponea zianze kuota, kisha pika tena. Weka kijiti chenye spora za Geobacillus, bakteria mgumu kuuawa kwa joto, katikati ya mfuko, si juu yake. Kijiti kikiota baada ya kupikwa, mfuko unarudi ndani.

Kanuni Kwanza

Na DNA inabaki vipandevipande hata baada ya kupika mara mbili. Kwa yale aliyosema Keekee kuhusu vankomisini, mabaki hayo yachomwe kwenye tanuri. Yasimwagwe.